Barua kwa vijana wa kijiwe cha kivukoni, Pangani: madafu hayana kosa

Wajukuu zangu, hamjambo.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimekaa pale kivukoni nikingoja kuvuka kwenda Bweni. Akapita mzee mmoja, kanzu imemtuna mbele, miguu anaitanua akitembea. Mlimwamkia vizuri, shikamoo kwa wingi. Alipowapa mgongo, mmoja wenu akasema, "Huyo madafu yamemfanyia kazi," kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nami nikatabasamu, Mungu anisamehe. Nimefanya kazi zahanati miaka 28, najua yule mzee ana busha, na najua mnaamini kwamba busha huletwa na kunywa madafu. Tena mimi mwenyewe nililibeba hilo hilo miaka 9, nimelifunga kwa kitambaa chini ya suruali pana, huku nikiwashauri wengine waende hospitali.

Basi leo nawaandikia juu ya pumbu. Neno hilo si tusi, ni jina kama goti. Hospitali wataandika korodani, sawa.

Mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama yake, korodani zake hazipo mfukoni. Zinaanzia juu, jirani na figo, zinateremka polepole, na katika miezi ya mwisho ya mimba hupenya kwenye kinjia cha kinena ndipo zitue. Zikishuka huburuta kipande cha utando wa tumboni, kama mtu apitaye mlangoni pazia likamng'ang'ania. Kwa kawaida njia ile hujifunga nyuma yao. Utando unabaki umeikumbatia korodani kwa tabaka mbili, na katikati pana maji kidogo tu ya kulainisha. Sasa angalieni: njia ikibaki wazi, au nyama za kinena zikilegea ukubwani, utumbo unaweza kuteremka. Hiyo ni ngiri. Maji yakijaa kati ya zile tabaka mbili, hilo ni busha. Huku kwetu yote mawili tunayaita mshipa, na kuyachanganya huko kumewahi kumgharimu mtu.

Mtauliza kwa nini ziwekwe nje, mahali pa kugongwa na tangi la pikipiki. Ni kwa sababu ya joto. Mwili una nyuzi 37, na mbegu hazipikiki vizuri kwenye joto hilo. Zinataka pungufu kwa nyuzi 2 au 3. Ndiyo maana mfuko hujikunyata asubuhi ya baridi ukalegea mchana wa jua. Wala msihangaike kwamba moja inaning'inia chini kuliko mwenzake, mara nyingi ya kushoto. Kuna kijana alinijia amekonda kwa hofu ya jambo hilo tu. Mbegu moja huchukua kama siku 70 kutengenezwa, kisha inasafiri ndani ya mrija uliojiviringa nyuma ya korodani, ambao ukinyooshwa unafika kama mita 6. Shahawa mnayoiona, sehemu kubwa si mbegu. Ni majimaji ya vifuko vilivyo nyuma ya kibofu na ya tezi dume. Na kusimama kwa uume ni kazi ya damu na neva. Mfuko mkubwa haumaanishi mwanamume mkubwa.

Turudi kwa yule mzee. Busha la pwani yetu mara nyingi huletwa na minyoo myembamba kama uzi, ile ile ya matende. Hukaa kwenye mirija ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na kwa wanaume hupenda ile inayoshuka na korodani. Hapo huishi miaka, mirija inatanuka na kuharibika, maji yanakosa njia ya kurudi. Vitoto vyao huingia kwenye damu usiku, saa ambazo mbu wanauma. Ndiyo sababu wapimaji walikuwa wakitugongea milango saa nne za usiku kuchoma vidole, na watu wakawaita wanyonya damu. Mbu akivifyonza, vinakua ndani yake kwa wiki mbili hivi, kisha anamletea jirani.

Dafu liko wapi hapo? Minazi iko pwani na mbu wako pwani, tukamkamata aliyesimama karibu. Mbu mmojawapo wa kazi hii hupenda maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, walimwaga chembe nyepesi za plastiki zikaelea juu ya maji ya vyoo, viluwiluwi vikakosa pa kupumulia, na watu wakapewa dawa. Mbu walipungua sana. Hakuna aliyekata mnazi.

Kingatiba mnaijua, vile vidonge vya minyoo hii wanavyogawiwa watu wote, hata asiyeumwa. Hapa nchini ilianzia Mafia mwaka 2000: ivermectin na albendazole, mara moja kwa mwaka. Nawajua mnaovitia vidonge mfukoni mkavitupa mtoni, kwa kuwa mmesikia vinaua nguvu za kiume. Vinaua vitoto vya minyoo vilivyo kwenye damu. Minyoo wakubwa wengi hubaki, ndiyo maana dawa hurudiwa mwaka baada ya mwaka. Kinachomsumbua mwanamume ni busha lenyewe: likikua huuzika uume ndani ya ngozi, na maji yakizidi yanaweza kuipa korodani lile joto isilolitaka.

Ila vidonge havikaushi busha lililokwisha kujaa. Langu nililitobolesha kwa sindano kwa siri, mji wa mbali, maji yakatoka na nikarudi mwepesi kama kijana. Miezi mitatu tu, limejaa tena. Sindano hutoa maji na kuuacha ule utando unaoyatoa, tena huweza kuingiza vijidudu. Dawa ni upasuaji. Nilipoenda hatimaye walinipiga ganzi ya mgongoni, nikasikia mkasi bila maumivu, wakaukata utando na kuugeuza ndani nje. Nilikaa wiki kadhaa bila kubeba kitu kizito. Mke wangu alisema neno moja tu: "Miaka tisa!" Hakusema jingine mpaka jioni, na ilinitosha.

Sasa ile hatari ya kuchanganya. Ukiingia chumba cha giza ukaweka tochi ya simu nyuma ya uvimbe, maji mara nyingi hung'aa mekundu. Utumbo kwa kawaida haung'ai. Lakini tochi si daktari, twende zetu hospitali wakahakikishe. Uvimbe wa kinena uliokuwa ukirudi ndani ukilala, leo umegoma na unauma, nawe unatapika: huo ni utumbo umebanwa, usingoje kivuko cha asubuhi. Na kijana, korodani ikishikwa na maumivu makali ghafla, hata usingizini, inaweza kuwa imejinyonga kwenye kamba yake. Una kama saa 6 za kuiokoa. Msikande kwa maji moto wala msiite mganga. Kijiwe chenu kina pikipiki kumi na mbili, mmoja ampakie. Uvimbe mgumu usiouma kwenye korodani yenyewe nao ukaonwe, hata kama una miaka 20, maana saratani ya hapo huwapata zaidi vijana kuliko wazee.

Yule mzee wa Ijumaa nimekwishazungumza naye. Jumatatu anakwenda hospitali, na aliyesema neno lile ndiye atakayempeleka, taratibu, aepuke mashimo, bila nauli. Ajijue mwenyewe, jina lake silitaji. Wakirudi wapitie barazani kwangu. Madafu nitanunua mimi.

Babu yenu,
mstaafu wa zahanati