Barua kwa mwanangu: hiyo safari ya kuwinda tutaenda, ila sio kwa bei uliyotumiwa

Mwanangu Hamisi,

Salaam sana. Ile picha ya bei uliyonitumia jana nimeiona, nikamwonyesha na mama yako, akacheka mpaka akakaa chini. Dola elfu nane na ushee kwenda kuua mnyama mmoja huku Alaska! Afu chini yake umeandika "basi baba tusahau tu". Hapana, tusisahau. Hiyo bei ni ya kurushwa na kindege, kupikiwa, kuonyeshwa mnyama kwa kidole na kubebewa nyama, yaani wewe kazi yako kuvuta triga na kupiga picha. Sisi tutaenda wenyewe na pikapu yangu, kwa hela ambayo hata wewe na mshahara wako wa Minneapolis unaiweza, ila kuna sehemu moja ya gharama hailipiki kwa hela na hiyo ndo nataka tuelewane mapema kabla hujakata tikiti.

Kwanza mnyama. Tunaenda kutafuta caribou, yule wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, mi kila siku naandika karibuu kwa sababu ndo linavyotamkika, na tangu 2004 nilivyofika Alaska huu utani haujanichosha, mnyama anaitwa karibuu na hakai karibu hata siku moja. Yeye sheria inakuruhusu uende mwenyewe bila mwongozaji wa kulipwa, maana we ni raia wa Marekani hata kama huishi jimbo hili. Dubu kahawia, kondoo wa mlimani na mbuzi wa mlimani ndo wasiokuwa wakaazi wanalazimishwa kuwa na mwongozaji, au waende na ndugu wa karibu ambaye ni mkaazi na ametimiza miaka 19, na baba mzazi anahesabika. Kwa hiyo kisheria naweza hata kukupeleka kwa dubu. Sikupeleki.

Hela sasa. Leseni yako ya asiyekuwa mkaazi dola 160, tagi ya karibuu, yaani kibali cha kupiga mnyama mmoja, 650, hizo 810 hazina mjadala, ndo serikali hiyo. Mimi mkaazi nilikuwa nalipa 45 kwa mwaka na kibali cha karibuu bure, na sasa nimeshavuka 60 wamenipa kadi ya kudumu, silipi kitu, uzee nao una ofa zake. Tikiti ya ndege ukikata mapema weka 450. Mafuta ya gari kwenda na kurudi nimepiga kama 400, tunagawana, 200 yako. Chakula 100. Buti 200 na usinibishie hapo, nitaeleza. Mabegi ya ziada ya nyama ukirudi weka 100. Jumla 1,860. Bunduki ninayo, hema ninalo, jiko la gesi ninalo, slipingi begi ya kaka yako ipo stoo inanuka uvundo lakini inapasha joto vizuri.

Ukiniuliza kwanini wengine wanalipa maelfu wakati kuna barabara, jibu ni hiyo barabara yenyewe. Inaitwa Dalton, wenyeji wanaiita Haul Road, ilijengwa 1974 kwa ajili ya lile bomba la mafuta la kutoka Prudhoe Bay mpaka Valdez, kama hili la kwetu linalokuja Chongoleani, tena hili la huku ni fupi kidogo kuliko la kwetu, wanaTanga tujisifu. Raia wa kawaida waliruhusiwa kuipita mpaka mwisho huko Deadhorse 1994 tu. Ni kilomita 666, sehemu kubwa changarawe na tope, na malori ndo wenye barabara, likija unapunguza unakaa pembeni unaomba mawe yasivunje kioo. Wanamwaga dawa ya chumvi kuzuia vumbi, ikishika chini ya gari inaganda kama saruji, mara ya kwanza nilikaa siku mbili naikwangua. Tairi za akiba mbili, sio moja. Ukitoka Coldfoot, kituo cha njiani, kwenda kaskazini hakuna sheli wala duka kwa kilomita 386 hivi, na simu inakuwa kioo cha kujitazamia sura tu, kwa hiyo tunakodi kile kifaa cha satelaiti cha kuitia msaada. Kutoka kwangu Anchorage mpaka tunapopiga kambi pale Galbraith Lake ni kama Dar mpaka Mwanza, ila huku hakuna mama ntilie Singida. Kambi yenyewe ni bure, ina choo cha shimo, ndo hoteli yetu hiyo.

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Ukishavuka mto Yukon, kila upande wa barabara kuna ukanda wa maili tano, yaani kilomita 8, ambao ni marufuku kuwinda kwa bunduki. Ni upinde tu, na mwenye upinde lazima awe na cheti cha mafunzo, wewe huna na mimi sina. Afu pikipiki za matairi manne haziruhusiwi kuingia porini humo. Kwa hiyo sisi wa bunduki tunatembea kilomita 8 kwa miguu ndo tuanze kuwinda. We utasema kilomita 8 si kitu, unakimbia kumi kila Jumamosi. Mwanangu, hiyo ardhi sio ardhi. Kuna vichuguu vya nyasi, vimejaa kama vichwa vya watu, ukikanyaga juu kinapinda, ukikanyaga katikati unazama kwenye maji ya baridi mpaka ugoko, na ni hivyo hivyo hatua kwa hatua, kilomita 8 hizo mara ya mwisho zilinichukua masaa sita nikiwa sijabeba nyama. Ndo maana nimesema buti, za ngozi, za kupanda juu ya kifundo, uzinunue mwezi huu uzivae kazini zikuzoee.

Na kupiga mnyama ndo sehemu rahisi. Dume mkubwa anafika kilo 160 mpaka 180, ukitoa ngozi na mifupa na matumbo unabaki na kama kilo 45 mpaka 50 za nyama safi. Na sheria ya huku haina masihara, unatakiwa utoe nyama yote inayolika, mikono, mapaja, shingo, kidari, mbavu, sarara, yote, kuacha nyama porini ni kosa la kukupeleka mahakamani, na pembe haziruhusiwi kutangulia, nyama itoke kwanza. Nakubaliana nayo asilimia mia. Babu yako angemcheka mtu anayeacha mbavu.

Sa fanya hesabu. Kilo 50 na vitu vya kulala. Mimi magoti yangu unayajua, nabeba kilo 12, labda 15 nikiwa na hamu ya kujionyesha. Zinazobaki ni zako, mizigo miwili, maana yake unaenda garini kilomita 8, unarudi 8, unatoka tena 8. Hizo 24 juu ya vichwa vya watu. Hapo ndo zilipojificha zile elfu nane mwanangu.

Nikuambie kitu sijawahi kukuambia, mama yako anajua nusu. Mwaka 2009 nilienda na yule Mfilipino niliyekuwa nafanya naye kazi mizigo ya ndege. Tulikaa siku tatu hatujaona kitu, siku ya nne jioni, tumeshapita ule ukanda tena tumeenda mbele zaidi, likatokea dume pembe kama mti mkavu. Mwenzangu akasema tusipige, jioni imeingia, mvua inakuja, tuko mbali. Mimi nikapiga. Nilipiga vizuri, halikwenda hatua thelathini. Tukachuna kwa tochi, mvua ikinyesha, vidole vimekufa ganzi nikajikata hapa kwenye kidole gumba, hili kovu mnaloniuliza nikiwaambia ni mlango wa gari. Tukalala pale pale, asubuhi tukabeba mzigo wa kwanza mpaka garini, tukashindwa kurudi siku ile, miguu ilikataa kabisa. Kesho yake tunarudi, kwa mbali naona udongo umekusanywa kama kaburi bichi na juu yake kumelala kitu cha kahawia. Dubu. Alikuwa ameifukia nyama yetu na ameilalia. Akainua kichwa akatuangalia, hakusimama hata. Na sheria haikuruhusu kumpiga dubu ati kisa kakuchukulia nyama, basi tulisimama pale kama watoto walionyang'anywa mpira, afu tukageuka taratibu. Mfilipino hakunisema njia nzima, hilo ndo liliniuma zaidi.

Kwa hiyo masharti yangu. Jua likishapita saa tisa mchana hatupigi mnyama akiwa mbali, hata awe na pembe za dhahabu. Nyama tukishakata hatuiachi pale pale penye matumbo, tunaihamisha mita mia au zaidi, tunaiweka juu ya mawe mahali peupe penye upepo ili tukirudi tuone kwa darubini toka mbali kama kuna mgeni. Miti ya kutundikia huko hakuna kabisa, jangwa la majani. Mifuko ya nyama ile ya pamba, sio plastiki, plastiki inaivundisha nyama hata kwenye baridi. Na kwa kuwa tutakuwa tunawinda dume tu, ule ushahidi wa udume lazima ubaki umeshikana na kipande cha nyama mpaka tufike nyumbani, usicheke, askari wa wanyamapori anakagua kweli.

Swali lako kama nyama ya kupigwa risasi ni halali, nimemuuliza sheikh zamani. Unapiga bismillahi wakati unavuta triga, ukimkuta ameshakufa kwa risasi yako ni halali, ukimkuta bado ana uhai unachinja. Ndo maana kisu changu nakinoa kabla sijanoa kitu kingine. Na ndo maana pia hupigi mbali, mita 200 mwisho, nyuma ya bega, kwenye mapafu. Nenda uwanja wa shabaha huko kwenu, ukajifunze kupiga umepiga goti, umeegemeza bunduki kwenye begi, maana meza ya kuegemea huko haitakuwepo.

Tarehe nataka wiki ya mwisho ya Agosti. Mbu wanakuwa wamepungua (Julai wanakunywa mtu mzima wakabakiza viatu), ardhi yote inakuwa nyekundu kama imemwagiwa bizari, na madume bado hayajaanza mambo yao ya kupandana, yakishaanza nyama inanuka hata pilipili haisaidii. Theluji inaweza kutukuta pale mlima wa Atigun hata Agosti, usije na jaketi la fasheni. Ila usikate tikiti kabla hatujasoma kitabu cha sheria kipya, kinaanza tarehe 1 Julai kila mwaka, na wanabadilisha kweli. Hawa karibuu tunaowafuata, kundi la Central Arctic, walikuwa karibu 70,000 mwaka 2010, 2016 wakahesabiwa wakakutwa elfu 20 na kitu, na kundi la Nelchina kule njia ya Glennallen walifunga uwindaji kabisa 2023. Tukikuta wamebana tunabadilisha mpango, hatubishani na kitabu.

Chakula usijali, nabeba tende, karanga, mchele, maharage niliyoyachemsha nikayakausha, na chai ya tangawizi asubuhi na jioni. Mama yako atatukaangia chapati za siku tatu za kwanza, baada ya hapo ni uji. Tukipata, ini tunalikaanga usiku ule ule na kitunguu na chumvi, hakuna kingine. Nyama yenyewe haina mafuta kabisa, ukiipika pilau kama ya ng'ombe inakuwa kamba, mama yako anaiweka mwisho mwisho na anaikata ndogo. Fungu lako tutaligandisha kwenye friza langu, unaondoka nalo kwenye maboksi, kila boksi lisizidi kilo 23 ndege wasikuonee.

Na tusipopata, tumetembea. Nimeshaenda mara mbili nikarudi na tope tu.

Nikwambie ukweli, sababu ya kukubana mwaka huu sio tagi wala bei. Goti la kushoto daktari ameshaanza kulizungumzia kwa sauti ile wanayotumia, na Mfilipino alishahamia kwa wanawe California. Peke yangu siendi tena, nilimwahidi mama yako.

Basi fanya hivi. Nunua mchele mfuko wa kilo 20, utie kwenye begi la mgongoni, vaa hizo buti, uwe unapanda ngazi za hapo kwenu kila siku baada ya kazi, ghorofa zote, usitumie lifti kushuka. Wiki mbili. Nitumie video. Nikiona mgongo umenyooka nakulipia hiyo tagi nusu.

Mama anakusalimu, anasema ukija ulete bizari ile ya duka la Msomali hapo kwenu, ya huku haina harufu.

Baba yako