Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Fleti, Visima na Kura ya Leo

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na nyote hamjambo.

Habari za taa za barabarani, walinzi wa usiku na gari la takataka katibu amezipanga kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitashika jambo moja tu, kwa kuwa ndilo lililokula wakati wetu na akiba yetu mwaka huu: jengo la fleti linalotakiwa kusimamishwa katikati ya mtaa wetu hapa Nyali, kwenye kiwanja kilichokuwa na nyumba moja na miembe yake.

Wengi wenu habari hii mliipata kwa bawabu. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inamtaka mwenye mradi autangazie umma nia yake ili mwenye pingamizi aseme. Tangazo kweli lilibandikwa, lakini lilibandikwa upande wa ndani wa lango, limefunikwa na bogenvilia, likiitazama nyumba ambayo haina mtu. Bawabu wa nyumba ya pili aliingia kuokota embe zilizoanguka, akaliona, akalipiga picha kwa simu yake. Picha ikazunguka mtaani, nasi tukawahi kupeleka pingamizi letu muda ukiwa ukingoni. Namshukuru hapa hadharani, na jina lake silitaji kwa kuwa bado yuko kazini.

Kibali kilitoka hata hivyo. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 tu za kukata rufaa mbele ya kamati ya rufaa za mipango, kwa hiyo wale waliolalamika kwamba kamati yetu ya chama ilimwajiri wakili bila kuitisha mkutano mkuu, jibu ni hilo. Kuwaita watu wa mtaa huu na wakafika kwa idadi inayokidhi katiba huchukua zaidi ya siku 14. Mnajijua.

Njia ya pili ilikuwa leseni ya mazingira. Hiyo hupingwa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60. Tuliomba nakala ya ripoti ya athari za mazingira, na tulipoipata tuliisoma ukurasa kwa ukurasa sebuleni kwa katibu. Mwishoni zimeambatishwa dodoso za majirani waliodaiwa kuhojiwa. Mmoja ameandika kwamba anaunga mkono mradi kwa kuwa utaleta ajira, na nyumba aliyoitaja imefungwa kwa kufuli tangu wakati wa korona. Mwenyewe yuko Maskat, na tulipompigia simu alicheka mpaka akakohoa. Wengine ni vibarua waliokuwa wakipita njia. Hao nao ni watu na maoni yao yana uzito, ila hakuna hata mmoja aliyeambiwa jengo litakuwa na ghorofa ngapi.

Wakili ameijenga rufaa yetu juu ya dodoso hizo. Mnakumbuka mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotaka kujengwa Lamu: Juni 2019 jopo hilohilo lilifuta leseni yake, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Mradi ule ulikuwa mkubwa na wetu ni mdogo, lakini sheria ni ileile. Kwa sasa ipo amri kwamba hali ibaki kama ilivyo hadi rufaa isikizwe. Ndiyo maana mabati yamezungushwa, shimo limechimbwa, na hakuna fundi.

Sasa nieleze kwa nini kamati imeng'ang'ana hivi, maana nimesikia maneno. Pale Kongowea sokoni niliambiwa uso kwa uso kwamba watu wa Nyali wana nyumba zao, wakishashiba wanafunga mlango. Neno hilo halikunipita hivihivi. Mombasa inahitaji nyumba, na anayepinga hilo aende Bombolulu au Mtopanga aone watu wanavyobanana. Lakini fleti hizi si za watu wa Mtopanga. Kijikaratasi cha mauzo kina bwawa la kuogelea juu ya paa na kinamwahidi mnunuzi kipato kwa kuwapangisha wageni usiku kwa usiku. Dada anayefanya kazi jikoni kwangu ataendelea kupanda matatu ya Kisauni kama kawaida.

Hoja yetu iko chini ya ardhi. Nyali haina mabomba ya maji taka. Mitambo ya kuyasafisha ilijengwa Kizingo na Kipevu, ng'ambo ya maji. Huku kwetu kila nyumba ina shimo lake, likijaa tunaita gari la kunyonya. Na karibu kila nyumba ina kisima, kwa sababu maji ya mfereji kutoka Baricho huja kwa zamu, na zamu yenyewe haina uaminifu. Shimo na kisima vyote vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao umejaa matundu. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta taratibu unapata matamu. Ukivuta kwa mota kubwa usiku na mchana, ya chumvi yanapanda, na yakishapanda hayashuki kwa kuomba radhi.

Tangu daraja la sasa la Nyali lifunguliwe 1980 watu wamekuwa wakihamia huku, na nyumba moja kwa kiwanja ardhi iliweza kuihimili. Sasa weka familia kadhaa kila ghorofa, zote na choo kimoja kikubwa chini na kisima kirefu pembeni. Ripoti ina kurasa nyingi za vumbi na kelele za ujenzi. Maji taka yamepewa aya moja, inayosema yataelekezwa "kwenye mfumo uliopo." Mfumo gani?

Mama wa nyumba ya kona alinipeleka kisimani kwake baada ya majengo mawili ya barabara ya nyuma kuanza kukaliwa. Alichota ndoo, akasugua kipande cha sabuni ya mche mikononi. Povu halikutoka, ulibaki utando mweupe tu unaonata vidoleni. Kisima hicho babake alikinywea. Siku hizi ananunua mitungi ya mkokoteni kwa kupikia, na ya kisima anaogea kwa shingo upande.

Kuna jambo jingine, nalo ni letu wenyewe. Miongoni mwetu wapo waliosaini pingamizi asubuhi na jioni wakapokea simu za madalali kuuliza kiwanja chao kitafika bei gani. Kuuza ni haki ya mwenye mali na chama hakina uwezo wa kumzuia, wala sitaki kiwe nao. Ninachoomba ni kwamba mwenye mazungumzo ya kuuza asikae kwenye kamati inayopinga, na pendekezo la kuliandika sharti hilo katika katiba yetu litaletwa baada ya chai.

La mwisho ndilo la kura. Mwekezaji ametuletea barua kupitia wakili wake: tukiiondoa rufaa, atapunguza ghorofa kidogo, ataweka lami kipande chetu cha barabara, na atatuchimbia kisima kirefu cha mtaa mzima. Kamati imegawanyika. Wanaotaka tukubali wanasema rufaa ina gharama, tunaweza kushindwa, na lami angalau utaiona kwa macho. Hoja yao si ya kupuuzwa, hasa masika haya ambapo magari yameshindwa kutoka. Mimi nitapiga kura ya hapana. Kisima anachotuahidi kitavuta maji yaleyale tunayoyagombania, na barua yake haisemi popote maji taka yataenda wapi. Tumemwandikia kumwomba mchoro wa mtambo wa kusafisha maji taka ndani ya kiwanja chake mwenyewe. Akiuleta na mhandisi wetu akaukubali, mimi wa kwanza nitabadilisha msimamo. Hadi jana jioni hajajibu.

Barua yake na yetu zote ziko mezani kwa katibu. Zisomeni kabla ya kuchukua karatasi ya kura. Aliyelipa ada ya mwaka atapiga kura. Asiyelipa, mweka hazina yuko karibu na mlango.