Filta ya koni: kwa nini hatumfungii kila anayeitaka

Wiki hii tumeitwa wapigaji tena. Kijana wa boda, mteja wetu wa siku nyingi hapa Chake Chake, Pemba, alitaka tumfungie filta ya koni, yaani ya kuchuja hewa inayoingia kwenye injini, kwenye pikipiki yake ya Boxer. Tulipomtajia bei ya kazi nzima akaona tunataka kumpiga pesa, akaenda kufungiwa kwengine kwa elfu tano ya ufundi. Jioni maneno yakawa barazani: gereji ile inawaficha watu filta za spidi ili iendelee kuuza zile za karatasi za ndani ya boksi la hewa. Tumeshayasikia mara nyingi, basi tunayajibu kwa maandishi, na atakayeuliza tena tutamrushia haya kwenye simu.

Tunayoizungumzia ni ile ya mviringo, nyekundu au buluu, yenye kifuniko cha kung'aa kichwani, inayochomekwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta, ile inayochanganya hewa na petroli, baada ya boksi la hewa kung'olewa. Ukishaifunga, sauti ya chombo inabadilika hapo hapo. Kinavuma. Boksi lile, pamoja na kazi zake nyengine, linameza mvumo wa hewa inayovutwa na injini. Likiondoka, mvumo wote unakuja chini ya mapaja ya dereva, naye anaapa kwamba mbio zimeongezeka.

Wengine hawadanganyiki na sauti, kweli chombo kimekuwa chepesi. Lakini uliza walitoa nini ili kuweka koni. Alikuja mzee mmoja mchuuzi wa samaki, anapanda na makreti mawili kila alfajiri, akasema tangu aweke koni vilima havimsumbui tena. Tukamwomba atuletee ile filta yake ya zamani. Karatasi ilikuwa nyeusi, mikunjo imeshikana kwa vumbi na oili, na kwenye kona ya boksi siafu wameshafanya maskani. Tukamfungia ya karatasi mpya ya kawaida ndani ya boksi lake, tukamwambia apande kilima kile kile na mzigo ule ule. Akarudi anacheka: "Fundi, mbona ni yale yale?" Ndiyo yale yale, mzee wetu. Kilichokuwa kinamkaba ni uchafu.

Wauzaji wa koni hupenda kusema injini inahitaji hewa nyingi, na hapo hawasemi uongo. Injini ya cc 125 ikizunguka mara 8,000 kwa dakika huvuta hewa mara 4,000, maana kila mvuto mmoja unachukua mizunguko miwili. Ni kama lita 500 kwa dakika. Ila hesabu hiyo hata waliotengeneza chombo wanayo, na boksi na filta yake vimepimwa kwa ajili yake. Tena filta haihisiki mpaka ufungue moto wote, yaani resi mpaka mwisho. Ukienda nusu resi, kama tunavyokwenda wengi wetu na abiria nyuma, kinachozuia hewa ni kile kizibo cha ndani ya kabureta unachokipandisha kwa mkono wako wa kulia. Filta iliyo safi, iwe ya namna yoyote, haina la kuongeza hapo. Haya, tuseme koni imekupa asilimia mbili ukiwa moto wote. Kwenye chombo cha nguvu farasi 12, hiyo ni robo ya farasi mmoja. Abiria akishuka na kapu lake la mhogo umepata zaidi.

Na hewa ikipita kwa urahisi, ujue na mengine yamepita. Kifumbu kilichotanuka matundu kinatoa tui haraka, na machicha yamo ndani ya tui. Kuna kipimo cha kimataifa cha filta za hewa za injini, ISO 5011: vumbi maalumu linapulizwa kwenye filta, kisha linapimwa lililozuiwa na lililopenya. Koni hizi za kwenye mfuko wa nailoni, hata zenye jina kubwa la kughushi ubavuni, hatujaona moja inayotaja kipimo hicho. Zishike uzielekeze juani. Nyengine unauona mwanga kwenye mshono.

Hapo ndipo lilipotokea shauri la mteja aliyetuambia tumemuuzia pistoni feki. Tulimboolea silinda (kuichonga upya ndani), tukamfungia pistoni mpya na ringi zake, zile pete za chuma zinazoizunguka, akaondoka chombo hakina hata chembe ya moshi. Kabla ya msimu wa karafuu kumalizika amerudi, moshi wa buluu, oili inaliwa, na amekuja na wenzake watatu wawe mashahidi. Sisi hatukubishana. Tulifungua koni aliyoiweka mwenyewe baada ya kutoka kwetu, tukamwambia aingize kidole kwenye mdomo wa kabureta akizungushe. Kidole kilitoka na udongo mwekundu, unausaga unasikia chembechembe. Tukafungua kichwa: silinda ina mistari ya kusimama kutoka juu hadi chini, na ringi ncha zake zimeliwa mpaka zinakata kidole. Ringi mpya ukiitia ndani ya silinda unaacha upenyo wa kama milimita 0.2 baina ya ncha zake. Yake iliingia geji, kile kibati cha kupimia upenyo, ya milimita nzima. Wale mashahidi walikuwa wa kwanza kumcheka, na mmoja wao aling'oa koni ya kwake siku ile ile.

Anayepita lami tupu labda angechelewa kuyaona hayo. Lakini msimu wa karafuu vyombo vyetu vinashinda kwenye njia za mashamba, wakati wa kaskazi vumbi la Micheweni na Konde linakaa hewani hata aliyelitimua ameshafika kwao, na panapochimbwa barabara mpya ndiyo usiseme. Masika yakija, mdomo wa boksi uko juu, chini ya siti, umejificha. Koni iko wazi ubavuni, inapigwa na maji ya tairi.

Jengine ni mafuta. Petroli huungua sawasawa ikipata hewa kiasi cha mara 14.7 ya uzito wake. Jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha petroli, imetobolewa kulingana na boksi la hewa lililopo. Ukiling'oa boksi ukaiacha jeti ile ile, hewa inazidi na mafuta yanapungua: injini inachemka, inapasua kwenye ekzosi ukiachia moto, inakata resi za juu, na plagi ukiifungua ni nyeupe badala ya rangi ya kahawia. Ukiendelea hivyo unaunguza valvu ya ekzosi. Dawa yake ni kupandisha namba ya jeti, moja moja, chombo kiende barabarani, plagi itazamwe, kirudi tena. Hiyo ndiyo kazi tuliyomtajia yule kijana bei yake. Anayekufungia koni kwa elfu tano ameikaza kleme tu, kile kibano cha kuishikilia, basi.

Kuna na ule mpira wa kupumulia wa injini, unaotoka kwenye krenki, lile tumbo la chini la injini, kuingia kwenye boksi. Boksi likiondoka, wengi wanauacha unaning'inia. Tumeshapokea chombo oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu mwenyewe alivuka dimbwi na mpira ule ukanywa maji.

Vyombo vya injeksheni, visivyo na kabureta, vina afadhali kidogo, kwani kompyuta yake inaweza kurekebisha mafuta kiasi. Vumbi haiwezi kulirekebisha.

Sasa mtu atasema hizi filta zinazokuja na chombo nazo zinakufa haraka. Zinauliwa. Karatasi inapelekwa kwa mziba pancha, inapulizwa kwa upepo wa kompresa ule ule wa kujazia tairi, pua ya mpira imegusa karatasi, na matundu yanapatikana hapo. Nyengine zimetiwa oili kiwandani ili zikamate vumbi. Hizo hazipulizwi wala hazioshwi, zikichafuka hubadilishwa. Vyombo vyengine filta yake ni ya sponji, na wako wanaoiosha kwa petroli, gundi ikaachia. Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni, ikauke kivulini, itiwe oili safi kidogo, ikamuliwe kwa viganja bila kuisokota, mpaka iwe na unyevu tu isidondoshe. Na kuisafisha karatasi kila Ijumaa pia si ustadi: filta kavu ikishapata utando mwembamba wa vumbi huchuja vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Kila unapoifungua bila sababu unajipa nafasi ya kuirudisha vibaya, ukingo ukakaa upande.

Mbaya kuliko wote ni anayeitoa kabisa "ipumue". Kwake huyo sisi tunanoa vyuma tu, tunajua atakuja.

Hatukatai koni moja kwa moja. Kijana mwenye chombo cha mchezo, ekzosi ameshabadilisha, jeti yuko tayari kuzilipia, anataka ule mvumo na anajua anachokinunua, tunamfungia, na mpira wa kupumulia tunauwekea kifilta chake. Kuna pia filta za pamba iliyotiwa oili zenye umbo la kuingia ndani ya boksi lile lile. Ikiwa ya kweli na ikitunzwa, hatuna ugomvi nayo, ila kwa bei yake unanunua za karatasi kadhaa.

Bei zetu ni hizi, msije mkasikia kwengine. Filta ya karatasi ya boda nyingi ni kati ya sh. 8,000 na 15,000, kuifunga hatutozi, na boksi tunalifuta ndani kwa kitambaa na kile kipira cha kumwagia maji chini yake tunakikamua. Koni na kazi yake yote, jeti, plagi, kusafisha kabureta na kujaribu barabarani, ni sh. 60,000 bila koni yenyewe. Kuboa silinda na kufunga pistoni, ringi, gasketi na oili mpya haishuki laki moja na nusu, na aliyeboa kwetu akikutwa na koni ya kujifungia mwenyewe, dhamana imekwisha.

Ukija kununua filta njoo na chombo chenyewe au ile ya zamani mkononi. Zinafanana kwa macho, na moja ikipungua milimita chache ukingoni vumbi linapita pembeni. Ijumaa tunafunga saa tano na nusu, tunafungua saa nane.