Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Dizeli Nyekundu na Injini za Kufungua

Ndugu wanachama, madereva na wenye malori hapa Marekani,

Ya kawaida nayamaliza upesi. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Mfuko wa misiba umefanya kazi yake, na wanaodaiwa ada wanajijua. Muda uliobaki nauweka kwenye mafuta na injini, maana ndiko pesa zetu zilikovujia mwaka huu.

Wakati wa mavuno kule Iowa na Indiana, mkulima hukosi kumwona ana tangi la dizeli nyekundu shambani, yaani dizeli isiyolipiwa kodi ya barabara, iliyotiwa rangi ili itambulike ikiwekwa kwenye lori, na akiwa mkarimu atakwambia ujaze kwa bei yake. Mwanachama mwenzetu mmoja alikubali. Baadaye akasimamishwa kwenye mizani, mkaguzi akachukua sampuli kwenye tangi, na rangi ikaonekana. Alikuja kwa kamati akitaka chama kimsaidie kulipa faini. Tulikataa, na ninajua wapo walionuna. Mimi nasimama na uamuzi ule: mfuko wa misiba ni wa misiba.

Tupige hesabu. Kodi ya shirikisho kwenye dizeli ya barabarani ni senti 24.4 kwa galoni. Ukijaza galoni 150 za nyekundu umekwepa dola 36.60, na kodi ya jimbo juu yake. Faini ya IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, ni dola 10 kwa kila galoni au dola 1,000, kutegemea ipi ni kubwa. Kwa tangi hilohilo ni dola 1,500, na jimbo nalo lina faini yake. Ukirudia, kile kiwango cha dola 1,000 kinaongezwa kila mara. Kumkatalia mkaguzi asipime ni kosa lingine lenye faini yake. Kuna wajanja wanaouza mbinu za kuichuja ile rangi. Hilo nalo sheria imelitaja kwa jina lake, na adhabu ni ileile. Wala usidhani ukijaza dizeli safi juu yake mambo yamekwisha, kwa sababu rangi kidogo tu inatosha kuonekana.

Nyinyi mnaoendesha lori la mtu, sikilizeni hapa. Mfanyakazi aliyeshiriki kwa makusudi anaweza kudaiwa faini pamoja na kampuni yake. "Bosi ndiye aliyenituma" haikuondoi kwenye deni.

Sasa, wengi wetu tuliotoka Tanzania na Kenya tumezoea mafuta ya kuchakachuliwa. Nyumbani mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, watu wakayachanganya kwenye dizeli, pampu na nozeli zikafa kwa kukosa ulainisho. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili kuua biashara hiyo. Ndiyo maana mtu akiona dizeli nyekundu hapa Marekani anadhani ni sumu ya injini. Sivyo. Zamani mafuta ya mashambani yalikuwa na salfa nyingi, lakini tangu 2010 dizeli ya matrekta na mitambo nayo imeshushwa hadi sehemu 15 kwa milioni, sawa na ya barabarani. Rangi ni alama ya kodi tu. Kwa hiyo wale mnaosema injini zenu zilikufa kwa sababu ya "mafuta mabaya ya mkulima," tafuteni sababu nyingine.

Kuna mahali nyekundu ni halali kabisa: tangi la friji ya trela, kwa kuwa injini ile haisukumi gari. Mkiwa kwenye pampu kuweni macho, bomba lisiingie tangi la lori. Na wale mnaojaza friji kwa dizeli iliyokwisha kulipiwa kodi, mnaweza kudai senti 24.3 kwa galoni kwa Fomu 4136 mnapofunga kodi ya mwaka. Wengi wenu hamdai. Mkikaa mnalalamika bei ya mafuta huku mnaiachia serikali pesa yenu, mimi sina la kuwaambia. Majira ya baridi pia, mnaochanganya mafuta ya taa ili dizeli isigande, nunueni yasiyo na rangi. Yale ya kupashia nyumba moto nayo yametiwa rangi.

Injini sasa. Mwaka huu wengi wametafuta malori ya miaka ya tisini, yenye injini ya Detroit Series 60 au Cummins N14, kwa kuwa injini ya kabla ya mwaka 2000 hailazimiki kuwa na kifaa cha kielektroniki cha kuandika saa za kuendesha. Sawa, ila logi ya karatasi bado unaijaza. Na California haitaki hizo: tangu Januari 2023 malori makubwa ya dizeli yanatakiwa yawe na injini ya 2010 au mpya zaidi. Kuifanyia ovaholi, yaani kuifungua na kuifunga upya, hakubadilishi mwaka wake. Wenye malori mapya nao wasikubali fundi atoe chujio la moshi wakati wa kufunga upya. Injini inatakiwa irudi jinsi ilivyoidhinishwa.

Kabla hujamwambia fundi afungue, pima. Peleka oili maabara. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ovaholi. Silikoni ikiwa juu, vumbi linaingia kwenye njia ya hewa, na ukifunga ringi mpya bila kuziba pale zitalika vilevile. Dalili za maji ya rejeta zikionekana, usikimbilie gasketi ya silinda hedi peke yake. Slivu za injini hizi, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji, na mtetemo hutengeneza mapovu yanayopasuka na kuchimba chuma vishimo vidogo mpaka maji yanapenya. Dawa inayotiwa kwenye maji ya rejeta ndiyo inayozuia hilo, na ndiyo ambayo watu wanaisahau wakiongeza maji ya bomba.

Fundi anayefungia injini kwenye chesi, bila kuishusha kwenye lori, anafaa kazi nyingi, lakini mwambie akupe vipimo kwa maandishi: slivu imesimama kiasi gani juu ya bloku, nafasi ya beringi, hali ya krenkshafti. Kiti cha slivu kikiwa kimelika, pale pale kwenye chesi panaweza kuchongwa kwa mashine yake; bloku iliyoharibika zaidi lazima ishushwe. Asiye na geji ya kupimia, mshukuru, uondoke.

Kamati inapendekeza chama kinunue geji za slivu na za shinikizo la silinda, wanachama waazime kwa dhamana. Tutapiga kura baada ya chakula. Wenye risiti za dizeli ya friji mwone katibu leo kabla ya kuondoka, ajue nani anahitaji msaada wa Fomu 4136.

Mwenyekiti