Kamba ya jahazi: barua kwa mwanangu Akinyi

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Akinyi,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kibandani Kibuye, mikono imejaa unga wa shaba. Umesema sahani ya tatu ya shaba unayojifunzia kuchonga nayo imeharibika, na kwamba umeshauriwa uachane na tindo urudi kwenye kompyuta. Sikukujibu siku ile. Jambo hili halienei kwenye simu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Ifungue polepole. Mna stempu mbili za senti 5 za Kenya, Uganda na Tanganyika, toleo la mwaka 1935. Nilizibandua kwenye barua za babu yangu, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini hapa hapa Kisumu. Picha ni ya jahazi katika Ziwa Victoria, ziwa letu hili. Chukua lenzi niliyokupa, uitazame kamba iliyo upande wa kushoto wa tanga. Kwenye stempu moja, kamba inakatikia hewani kabla haijafika kwenye tanga. Kwenye nyingine, imefika.

Ni mstari mwembamba kuliko unywele. Lakini wavuvi wa Dunga wangeuona, maana wanajua tanga lisiloshikwa na kamba linavyofanya upepo ukivuma. Na stempu ya pili inaonyesha kwamba kuna mtu aliyeuona pia, mstari ukarekebishwa.

Stempu za namna hiyo zilianzia kwenye kipande cha chuma laini kisichozidi ukubwa wa stempu yenyewe. Mchongaji huchonga picha ikiwa kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Tindo lake halipigwi nyundo. Hulisukuma kwa kiganja, na mkono wa pili ukikizungusha chuma taratibu. Hana kijivu, hana kivuli cha kupaka, ana mistari tu: akiisogeza karibu panakuwa giza, akiiachanisha panapata mwanga. Kisha chuma huchomwa kwa moto kiwe kigumu, na picha hukandamizwa kwenye rola, kutoka hapo kwenye sahani ya kuchapia, mara nyingi mfululizo. Wino hukaa ndani ya mitaro. Pitisha ncha ya kidole juu ya jahazi lile, utausikia wino umeinuka.

Aliyenifundisha kazi hii aliwahi kunisimulia habari za Czesław Słania, mtu wa Poland aliyezaliwa mwaka 1921. Wakati wa vita alikuwa kijana tu, akitumia mkono wake kughushi hati kwa ajili ya wapiganaji waliowapinga Wajerumani. Hebu fikiria, mwanangu: herufi moja ikikaa vibaya, aliyeibeba hati ile anakamatwa. Baada ya vita alisoma sanaa Kraków, akaanza kuchonga stempu, na mwaka 1956 akahamia Uswidi. Huko akawa mchongaji wa mfalme mwaka 1972. Stempu yake ya 1,000 ilitoka mwaka 2000, naye akiwa na karibu miaka 80. Alichongea nchi nyingi, hadi alipofariki mwaka 2005. Mimi hiyo 1,000 sijaizoea hata leo, kwa kuwa moja tu huchukua majuma kadhaa ya kuinama juu ya lenzi.

Sasa nikwambie kitu ambacho hata mama yako sikumwambia. Ulikuwa darasa la pili. Mjane mmoja alikuja kuchukua kibao cha shaba cha msalaba wa mumewe, mazishi yakiwa kesho yake. Hakusoma kwa macho. Alipitisha kidole juu ya jina, herufi moja baada ya nyingine, kikafika mahali kikasimama. Nilikuwa nimeruka herufi. Hakunifokea wala hakudai pesa zake. Alisema tu, "Huyu si yeye."

Usiku ule sikulala nyumbani. Nilikigeuza kibao, nikakigonga kwa nyuma polepole hadi shaba ikainuka mahali pa kosa, nikaparuza, nikasugua kwa msasa laini, nikachonga jina upya kwa taa ya chemni kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Alfajiri alirudi, kidole kikapita jina zima bila kusimama. Akakifunga kibao kwenye leso yake, akaenda.

Kwa hiyo kompyuta jifunze, tena uijue vizuri. Siku hizi wateja wangu wa mihuri wote wameikimbilia. Lakini sahani hiyo ya tatu usiitupe. Niambie kosa liko wapi na lina kina gani. Likiwa karibu na ukingo, usiliguse kabisa, shaba itapasuka. Likiwa katikati, ifunge kwenye kitambaa uje nayo utakapofunga shule. Kinyundo kidogo nimeshakitengeneza mpini mpya, unaokutosha mkono.

Baba yako