Mwanangu, Dagaa Si Chakula cha Kuku

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, mimi mama yako ni mzima, isipokuwa huo mkono ambao shangazi yako alishindwa kuufanya siri mpaka akakupigia simu. Usije mbio. Uliofungwa hogo, ile plasta ngumu, ni wa kushoto, wa kuandikia upo.

Nilikwenda kutia udhu alfajiri, umeme umekatika. Pale kwenye kizingiti cha msalani nikateleza, nikatanguliza kiganja. Basi, ni hayo tu. Sikuanguka mnazini! Daktari akasema mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe akavunjika, asiilaumu sakafu peke yake, mfupa nao uulizwe. Wangu umekuwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa: nje nzima, ndani vishimo.

Nikamkumbuka bibi yako. Wewe ulimkuta kashapinda, lakini alikuwa mrefu kuniliko. Mwaka hata mwaka akawa anafupika, mgongo ukaota kibiongo, tukasema ni kuni alizobeba ujanani. Tulimkanda kwa mafuta ya nazi na kumwambia "uzee huo, mama." Kumbe pingili za mgongo zilikuwa zinapondeka moja moja, bila hata kuanguka. Alipolalamika usiku tulidhani anadeka. Hilo linaniuma kuliko mkono.

Sisi wanawake hedhi ikishakatika, homoni iliyokuwa ikiilinda mifupa hupungua, na mfupa huliwa haraka kuliko unavyojengwa. Wanaume nao wamo, mwambie mjomba wako na sigara zake.

Sasa nakuja kwako, na usinune. Mfupa ni kibubu. Unatia mpaka kama miaka 30 hivi, baada ya hapo kazi ni kulinda kilichomo. Wewe una 26, bibi yako alipinda, mama yako kavunjika, nawe unashinda na kahawa na tufaha moja ili gauni likukae. Dagaa mchele niliokupa mwezi wa tatu umewaita chakula cha kuku. Wale wanaliwa na miba yao, na kalsiamu imo humo humo kwenye miba. Mtindi pia. Mchicha kula, ila usiutegemee kwa hili, kalsiamu yake mwili hauipati sawasawa. Na utembee, ubebe kitu kizito, upande ngazi. Mfupa usiotumika huona hautakiwi.

Mimi nimepewa kidonge cha kila wiki, nameza Jumatatu. Kina masharti kuliko mwali: tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu, kisha nusu saa silali wala sili, maana kikikwama kinaunguza koo. Nakaa wima barazani naitazama chai ya tangawizi inapoa. Jua nalo nimeambiwa, ngozi ikilipata mwili hutengeneza vitamini D, na mimi na baibui langu lilikuwa linanipata usoni tu. Siku hizi nafunga mlango wa uani, napandisha kanga, nawaanikia miguu kuku watazame.

Zile pesa ulizotuma za maziwa ya kopo nimempa fundi. Ameweka bomba la kushikia msalani, kakwangua sakafu ikawa na makwaruzo, kizingiti kakivunja. Mkeka wa sebuleni uliokuwa ukinikwaza nimeukunja, umekwenda kwa jirani. Taa ya kuchaji iko kichwani pa kitanda.

Hogo wanasema litatoka wiki ya sita. Ukija Idi usininunulie vitenge, ninavyo. Niletee ndala zenye soli ya mpira isiyoteleza, namba 38, na ile ya kushoto uijaribu kwanza kwenye maji.

Mama yako