Nyimbo Zako Si Bahati, Mama Mkubwa

Mama mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa ruhusa yako, kwa sababu maswali uliyoniuliza tangu wimbo wako uanze kupigwa redioni nimeulizwa pia na watunzi wengine wa rika lako, na naona ni vyema jibu langu walisome wote. Umeniambia kwamba haya yote ni bahati tu, kwamba sifa anastahili kijana aliyeuimba, na kwamba mtu aliyekwisha kustaafu hana haja ya kukaa mezani kujadili asilimia na mikataba. Naomba, kwa heshima zote, nikupinge katika yote matatu.

Nianze na hilo la bahati. Wimbo huo ulikaa kwenye daftari lako miaka mingi kabla haujafika studio. Daftari hilo nimelichapa mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa, na nimeona kazi iliyofanyika humo. Katika ubeti wa pili kuna neno lililokatwa, likaandikwa jingine, la kwanza likarudishwa, kisha yote mawili yakaachwa na kuletwa la tatu, na pembeni umeandika kwa penseli: "pumzi haifiki." Ulikuwa unahesabu mizani kama wanavyohesabu washairi, lakini ulikuwa unahesabu pia pumzi ya mtu usiyemjua ambaye siku moja angeyaimba maneno hayo. Noti ndefu ya kiitikio umeiweka juu ya irabu a, kwa kuwa kinywa kikiwa wazi sauti ya juu hutoka bila kubanwa, ilhali irabu i huifinya. Na pale mtayarishaji alipotaka kusogeza mdundo hata mkazo uangukie silabi ya mwisho, ulimwambia kwa upole kwamba msikilizaji akisikia neno limepindwa huacha kuifuata habari akabaki kulifuata neno. Vijana wa studio walitazamana, wakaurudisha mdundo ulipokuwa. Mtu anayejua hivyo amefikia ujuzi wake kwa kufanya kazi, na kazi hiyo uliifanya wakati hapakuwa na yeyote wa kukulipa wala wa kukupongeza.

Kuhusu umri, sioni kwamba umechelewa. Uimbaji unadai koo na mapafu, na biashara ya muziki hupenda sura changa. Utunzi unadai sikio, kumbukumbu na subira ya kufuta, mambo ambayo miaka huyaongeza. Compay Segundo wa Cuba, aliyezaliwa mwaka 1907 na ambaye kwa muda mrefu aliishi kwa kazi ya kusokota biri katika kiwanda, alitunga "Chan Chan" akiwa amevuka miaka 70. Wimbo huo ndio unaofungua albamu ya Buena Vista Social Club iliyotoka mwaka 1997, na ndio uliomfanya ajulikane dunia nzima akiwa anakaribia miaka 90. Kilichochelewa kwake ni wasikilizaji wa mbali. Yeye mwenyewe alikuwa ametunga na kupiga muziki tangu ujana.

Mfano ulio karibu zaidi na wako, na ndio unaonifanya nisilale nikifikiria mkataba waliokutumia uutie saini, ni wa mtunzi Elizabeth Cotten wa Marekani. Alitunga "Freight Train" alipokuwa binti mdogo, akipiga gitaa kwa mkono wa kushoto huku chombo amekigeuza juu chini. Maisha yakamvuta kwingine, akaacha muziki kwa miongo kadhaa, na alipokuwa mtumishi wa nyumbani katika familia ya Seeger, ambayo ilikuwa familia ya wanamuziki, ndipo aliposhika gitaa tena. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958, naye amepita miaka 60. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya Grammy akiwa amevuka miaka 90. Hapo watu hupiga makofi na kufunga habari, lakini mimi nataka uione sehemu ya katikati. Kabla ya albamu hiyo, "Freight Train" ilikwisha kuvuka bahari na kupendwa sana Uingereza, na walioandikishwa kuwa watunzi wake walikuwa watu wengine. Ilibidi familia ile impiganie ndipo jina lake litambuliwe. Wimbo ulifanikiwa kabla ya mtunzi wake, kwa sababu jina halikuwa limeandikwa mahali panapostahili kwa wakati wake.

Ndiyo maana siwezi kukubali unaposema kwamba sifa zote ni za mwimbaji. Ameimba vizuri mno, nami nampenda kwa hilo. Lakini kila wimbo uliorekodiwa una haki za aina mbili zinazokaa pamoja bila kuchanganyika: haki ya utunzi, yaani maneno na sauti ya kuyaimbia uliyoyatia kwenye daftari, na haki ya rekodi, yaani ule uimbaji mahususi uliofanywa studio siku ile. Rekodi hiyo ni ya waliorekodi, kwa makubaliano. Utunzi ni wako, na kesho akija mwimbaji mwingine akaurekodi upya kwa lugha nyingine na ala nyingine, rekodi yake itakuwa mpya kabisa ilhali mtunzi atabaki kuwa wewe. Hata mifumo ya utambulisho inaheshimu tofauti hiyo, kwa kuwa utunzi hupewa namba ya ISWC na rekodi hupewa namba ya ISRC. Ukiandikishwa kwa namba moja tu, tena ile ya pili, mapato ya mtunzi yanaweza kukaa yakisubiri mwenyewe asiyejulikana.

Mapato hayo si fadhila ya mtu. Mwaka 1847 mjini Paris, mtunzi Ernest Bourget alikaa katika mkahawa uliokuwa ukipiga nyimbo zake, akakataa kulipia kinywaji chake kwa hoja kwamba wenye mkahawa nao hawakumlipa kwa nyimbo hizo. Mahakama ilikuwa upande wake, na mwaka 1851 watunzi wa Ufaransa wakaunda chama chao, SACEM, ili wakusanye haki zao kwa pamoja. Vyama vya hakimiliki vinavyokusanya malipo kutoka redio, kumbi na mitandao leo vinafuata njia hiyo hiyo. Kujiunga nacho kimoja, kwa jina lako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa, ni jambo la kufanya wiki hii.

Kuhusu mezani, naomba ukae mwenyewe, nami nitakuwa pembeni yako. Kabla ya lolote, watu wote waliogusa wimbo waandike kwenye karatasi moja nani ametunga nini na kwa asilimia ngapi, kisha watie saini. Mtayarishaji akisema kwamba kuongeza kinanda kunamfanya mtunzi mwenza, mwulize ni ubeti upi au sauti ipi aliyoitunga. Linganisha pia maneno mawili yaliyomo kwenye mkataba, kwa kuwa uzito wake haulingani: kutoa ruhusa ya kutumia wimbo kwa muda fulani, na kuhamisha haki moja kwa moja. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi ambao nchi nyingi sana zimeuridhia, unataka utunzi ulindwe angalau katika maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada yake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Kwa hiyo unachohamisha kwa saini moja kinawahusu pia wajukuu zako. Tangu marekebisho ya mwaka 1928, mkataba huo wa Berne unatambua vilevile haki ya mtunzi kutajwa kwa jina, hata baada ya kuuza haki za mapato. Usione haya kuidai. Hutaki makuu, unataka kweli iandikwe.

Waliokutumia mkataba wamekuomba uharakishe kusaini kwa sababu wimbo uko juu sasa. Kifungu cha saba cha mkataba wao kinazungumzia kuhamisha "kazi zote zilizopo na zijazo," na hicho lazima kifutwe kabla hatujaendelea kusoma vingine, kwa sababu kinachukua na daftari zima. Ijumaa nitakuja na wakili. Tafadhali tafuta lile daftari la kijani ambalo sijalichapa, maana mwimbaji ameniuliza kama kuna nyimbo nyingine, nami nimemjibu kwamba aje akuulize mwenyewe mtunzi.

Mwanao akupendaye